Kidonda Kisichouma: Somo Kuhusu Neva na Kinga ya Mwili



Katika ziara zetu za afya ya msingi tumewasikia wagonjwa wa kisukari wakisema, "Kidonda kipo, ila hakiniumi, kwa hiyo si kitu." Maneno hayo ni ya hatari. Katika toleo hili tujifunze sababu yake.

Tuanze na pilipili. Aliyekatakata pilipili kali huweza kuona ngozi ikiwaka na kuwa nyekundu, ingawa kisu hakikumgusa. Nani ameita damu hapo? Ni neva zenyewe.

Neva za maumivu zina kazi mbili. Kwanza, hupeleka habari kwenye ubongo. Pili, ncha zake zilizo kwenye ngozi humwaga kemikali ndogo ziitwazo nyuropeptidi. Mojawapo ni dutu P, iliyogunduliwa na Ulf von Euler na John Gaddum huko London mwaka 1931. Dutu hii hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu, ili majimaji na seli nyeupe zitoke kwenda penye jeraha. Pia huamsha seli za masti, walinzi wa ngozi, nazo humwaga histamini. Nyingine, CGRP, hutanua mishipa ili damu ije kwa wingi. Ipo pia VIP, ambayo husaidia kutuliza seli za kinga ili uvimbe usipite kiasi.

Mwaka 1967 ilichapishwa kazi ya Nicholas Jancsó na wenzake wa Hungaria. Walionyesha kwamba neva za ngozi zikikatwa na kufa, kemikali ya kuwasha haileti tena uvimbe wa namna hii.

Sasa tumrudie mgonjwa wetu. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu. Ukoma nao huharibu neva. Hasara ni mbili: mtu hasikii msumari ukimchoma, na kidonda hukosa sehemu ya wito wa kuita damu na seli za kinga. Neva si sababu pekee, kwani sukari nyingi na mishipa iliyoziba pia huchelewesha kupona. Lakini mguu uliokufa ganzi huweza kuoza mwenyewe akiwa hana habari, na mwisho wake ukawa kukatwa.

Kwa hiyo, viatu vya kufunika vidole na kioo cha kutazamia nyayo si anasa katika bajeti ya mradi. Tuwahimize wagonjwa wakague miguu kila siku, wasitembee peku, na waende kituo cha afya mara waonapo kidonda, hata kisipouma.

Maswali ya kujadili:

1. Je, katika mtaa wetu ni nani wenye kisukari, au waliowahi kuugua ukoma?

2. Nani huwasaidia kukagua nyayo wale wasioona vizuri?

3. Kamati yetu inaweza kutenga nini kwa ajili ya viatu?