Makala Moja, Siku Nzima

*Bwana Mhariri, nimeanza kuandika makala za mtandaoni nyumbani, kwa ujira wa kila makala. Lakini maneno 800 hunichukua siku nzima. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga*

Wasiwasi wako, msomaji wetu, kwamba jua huchomoza na kuchwa juu ya makala moja na ujira wake usitoshe hata bando, huwapata wengi waanzao kazi hii, wala si dalili ya upungufu wa akili. Aghalabu sababu yake ni kuchanganya kutafuta habari, kuandika na kusahihisha, hata kila sentensi ikafutwa kabla haijapata mwenziwe.

Basi zitenge kazi hizo tatu. Soma kwa muda uliouwekea mpaka. Andika hoja nne au tano, kila moja kwa sentensi moja. Ndipo uiandike rasimu pasi na kurudi nyuma, na palipokosekana tarakimu utie alama uendelee. Mwandishi wa riwaya Mwingereza Anthony Trollope, aliyekuwa pia mtumishi wa posta, aliweka saa mbele yake akajilazimisha maneno 250 kila robo saa. Kasi hiyo sikutakii, ila saa yenyewe yafaa. Utangulizi uandike mwisho. Jamaa nao waarifu saa zako za kazi, maana aketiye nyumbani hudhaniwa hana shughuli, akatumwa sokoni.

Ukiona rasimu zako zarudishwa mara kwa mara, mwombe mhariri akueleze kasoro. Na vidole vikifa ganzi, au kifundo cha mkono kikiuma mfululizo, mwendee tabibu bila kukawia.