TAA IRUSHAYO SAUTI

Wasomaji wetu wa Ujiji na Kigoma wanajua ya kuwa Stanley alimkuta Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871. Habari hiyo ilifika Ulaya mwaka 1872, kwa kuwa ilichukuliwa kwa miguu mpaka pwani. Simu ya upepo huukata mwendo huo kwa muda usiotimia sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na taa iitwayo valvu, nasi twapenda kueleza namna ilivyoundwa.

Valvu ni chupa iliyotolewa hewa. Ndani yake mna vitu vitatu. Cha kwanza ni utambi wa waya wa tungsteni, ambao hupashwa moto kwa umeme mpaka ukang'aa na kutoa chembe ziitwazo elektroni. Cha pili ni bamba liuzungukalo utambi, nalo huzivuta chembe hizo. Cha tatu, katikati yao, ni wavu wa waya mwembamba, uliobuniwa na Lee de Forest wa Marekani mwaka 1906. Umeme kidogo ukitiwa wavuni, huuzuia au huuachilia umeme mwingi upitao. Tena sehemu ya nguvu ya bamba ikirudishwa wavuni, umeme hutikisika hata mara milioni nyingi kwa sekunde, ukapanda katika waya wa juu na kutoka kuwa mawimbi.

Katika tambi za valvu nyingi za kurushia hutiwa thoriamu, madini yaliyotiwa zamani katika tambi za karabai pia, ili chembe zitoke nyingi pasipo moto mkali mno. Kioo kikipasuka, hewa huingia na utambi huungua. Bamba nalo hupata moto sana. Katika valvu kubwa hupozwa kwa upepo au kwa maji.

Sasa tuangalie hatari. Utambi wa valvu iitwayo 813 hutumia volti 10 tu, lakini bamba lake huweza kutiwa volti 2,000. Hata mtambo ukiisha kuzimwa, umeme huweza kubaki umewekwa ndani yake, ukamwua mtu.

Siku hizi transista zimeshika kazi hiyo katika mitambo mingi. Lakini mwalimu akipata mtambo wa zamani wa kuwaonyesha wanafunzi, asiufungue wala asiutie umeme mpaka aje fundi aujuaye. Tahadhari kabla ya hatari.