SOMO: FAILI LA REDIO SI REDIO

Wengi wetu hubonyeza jina la kituo cha redio katika intaneti, likateremka faili dogo lenye mwisho wa "m3u" au "pls", nao wasisikie neno. Hapo husema kituo kimekufa, na hali kituo ki hai. Basi yapasa tujue kwamba faili lile si sauti. Ni maandishi machache yaliyobeba anwani ya mkondo wa sauti. Na mwenye kupewa anwani hajafika nyumbani mpaka aende.

Wa kutupeleka ni programu ya kuchezea sauti, ijitegemeayo, kama VLC, iliyoanzwa na wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, nayo haina malipo. Njia ni mbili. Ya kwanza, katika kompyuta, libonyeze faili lile kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague lifunguliwe na VLC, na uamuru iwe hivyo daima. Ya pili, nakili anwani yenyewe, fungua VLC, ubonyeze Ctrl pamoja na N, uibandike hapo, kisha uanzishe.

Ama gharama, tusighafilike. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde hula megabaiti 57 na zaidi kwa saa. Wa 64 hula nusu yake. Kituo kikitoa yote miwili, mwenye kununua bando na achukue ule mdogo, kwani maneno ya msemaji yatasikika vyema. Na amalizapo aufunge, maana mkondo haukomi kwa msikilizaji kusinzia.