Chombo Kinachopiga Simu Maziwa Yakianza Kupata Joto

Maziwa yaliyokwisha kupokewa kituoni hupozwa hadi nyuzi 4 za sentigredi. Mashine ya kupoza yaweza kusimama usiku hali taa zingali zikiwaka, na mlinzi asijue lolote mpaka asubuhi, hasara ikiwa imekwisha kuwafikia wanachama.

Kwa shida kama hiyo kipo chombo cha kuonya kwa simu. Wenye nyumba katika nchi za baridi hukitumia ili mabomba ya maji yasigande na kupasuka wakiwa safarini. Kipimajoto huwekwa kwenye tangi. Joto likipita kiwango, chombo hungoja muda uliopangwa, maana maziwa mapya yakimiminwa joto hupanda kidogo. Kisha hupiga namba ya kwanza na kutamka ujumbe uliorekodiwa. Asipopatikana mtu, hupiga ya pili, halafu ya tatu, na kurudia, mpaka mpokeaji abonyeze tarakimu ya kukiri kuwa amesikia.

Simu ya waya ya zamani ilipata umeme kutoka kituo cha simu, kiasi cha volti 48, hivyo ilifanya kazi hata nyumba ikiwa gizani. Chombo cha kadi ya simu hakina bahati hiyo: sharti kiwe na betri yake, na kadi isikose salio. Kamati na ikijaribu kila mwezi kwa kutia kipimajoto katika maji ya vuguvugu. Namba ya kwanza iwe ya mtu alalaye karibu, mwenye ufunguo wa jenereta.