Somo la Kusoma: Neno Kuu ni Lipi?

Katika darasa letu la kusoma hapa Mikocheni tulitoa jaribio hili. Lisomeni polepole, mara mbili.

"Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano na Waingereza. Kuvusha watumwa baharini kukakatazwa, na soko lao likafungwa. Lakini waliokuwa mikononi mwa mabwana walibaki watumwa. Mwaka 1897 amri ilitolewa kwamba mabaraza ya Unguja na Pemba yasitambue tena utumwa. Lakini mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kuomba uhuru, na masuria hawakuingizwa mpaka mwaka 1909. Bwana alilipwa fidia. Huku bara Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wawe huru. Lakini wazazi wao hawakufunguliwa kwa amri hiyo. Mwaka 1922 ndipo sheria ilipokomesha utumwa Tanganyika."

Tuliuliza: Neno kuu ni lipi?
A. Sultani alifunga soko mwaka 1873.
B. Mabwana walilipwa fidia.
C. Utumwa ni dhambi.
D. Uhuru ulikuja kwa hatua, na mara kwa mara wengine waliachwa nyuma.

Wengi walichagua A, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Ni kweli, lakini kama hilo ndilo neno kuu, maneno yafuatayo yana kazi gani? B nayo ni kweli, ila ni tawi, si shina. C twaikiri sote. Walakini mwandishi hakuisema. Tumeitoa mioyoni mwetu tukaitia kinywani mwake. Hapo sisi walimu na tujihadhari, maana ndivyo mtu ahubirivyo mawazo yake akidhani anaeleza andiko.

Jibu ni D. Twajuaje? Tazameni neno "lakini". Laja mara tatu, na kila mara, baada ya habari njema, latuonyesha watu waliosalia. Neno kuu ni kama uzi wa shanga: ukiuondoa, zote hutawanyika.

Je, kukosea hapa ni jambo dogo? Ashikaye A atawafundisha watoto kwamba watumwa walifunguliwa mwaka 1873. Basi suria wa Unguja wa mwaka 1900 atasahauliwa, na mtumwa wa bara wa mwaka 1920 pia. Msomaji mwenye haraka huwafungua kwa kalamu watu ambao bado walikuwa vifungoni.

Kabla ya Jumapili ijayo, twaeni fungu litakalosomwa kanisani. Ulizeni kila mstari: wasaidia neno gani? Kisha andikeni neno kuu kwa sentensi moja. Ikiwa hakuna mstari unaoitegemeza, ifuteni, mkaanze tena.