Kumtajia Mtu Tovuti ni Ushahidi



Tumefundishwa sote tangu chuoni kwamba mwenye kumwonyesha mwenziwe kheri ana fungu katika malipo ya mwenye kuitenda. Fundisho hilo twalikumbuka tunapomwonyesha mgeni njia ya msikitini, au jirani tunapomtajia mwalimu wa kumsomesha mwanawe. Lakini tunapomtajia mtu tovuti ya kutazama, twaona kuwa ni maneno ya barazani tu, yasiyo na hesabu. Katika somo hili twataka kubainisha kwamba kumtajia mtu tovuti ni kuishuhudilia, na shahidi yampasa akijue anachokishuhudia. Kisha tutataja chache ambazo sisi twazishuhudilia, za manufaa na za kuburudisha.

Kwanza: vipi orodha za tovuti zilipata thamani

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Disemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, nako ndiko Kisumu ya leo. Intaneti nayo, kwa njia yake, ilikuja kupita mlango huo huo wa Mombasa. Mwaka 1994 vijana watatu wa Kenya waliokuwa wakisoma Marekani waliianzisha Africa Online, na mwaka 1995 intaneti ikaanza kutumika nchini. Kwa miaka mingi khabari za kwenda na kutoka ng'ambo zilipita kwenye setilaiti, kwa bei kubwa na kwa mwendo wa kobe. Mambo yalibadilika mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa kutoka baharini, na toka hapo khabari zikapita kwa wepesi hata kufika huku ziwani.

Kabla ya hapo, mtu wa Kisumu aliyeingia katika duka la kompyuta alilipa kwa dakika. Ukurasa mmoja wenye picha ungeweza kumla robo ya fedha zake kabla haujafunguka. Basi aliyekuwa na karatasi yenye majina ya tovuti kumi zenye faida alikuwa na kitu cha thamani, na watu walinakiliana karatasi hizo kama wanavyonakiliana dawa iliyokwisha jaribiwa.

Pili: yaliyozipata orodha hizo

Ndugu msomaji, ukiipata leo karatasi ya mwaka 1999, utakuta majina mengi ndani yake yamekufa. Tutoe mfano mmoja ulio wazi. GeoCities ilianzishwa mwaka 1994, ikawapa watu mahali pa kuandika kurasa zao bila ya malipo. Mamilioni wakajenga humo: huyu kaweka mashairi, yule ukoo wake, mwengine masomo ya dini. Mwaka 1999 kampuni ya Yahoo iliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 3. Baada ya miaka kumi tu, Oktoba 2009, Yahoo hiyo hiyo iliifunga. Na ile orodha kubwa ya tovuti iliyokuwa fahari ya Yahoo tangu mwanzo wake, nayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014.

Tena kuna lililo baya kuliko kufa. Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja. Hukodiwa, na kodi hulipwa kila muda wake. Mwenye jina akisahau kulipa, mwengine aweza kulitwaa na kuliweka alitakalo. Hivyo anwani iliyokuwa ya mafunzo ya watoto yaweza kuamka siku moja ikiwa mlango wa kamari. Na sote twajua kamari ya simu ilivyowaingia vijana wetu, Mombasa na Kisumu sawasawa, hata karo ya shule ikaliwa kwa usiku mmoja. Aliyeipitisha anwani hiyo bila ya kuitazama tena ameshuhudilia asilolijua.

Tatu: mizani ya kupimia

Wazee wetu wa mwambao walijua tafauti ya duka na wakfu. Duka husimama maadamu lina faida. Faida ikikatika, mlango hufungwa, na hapana wa kulaumiwa. Ama wakfu, yule aliyeuweka huutolea mali na msimamizi ili manufaa yake yabaki baada yake. Hatusemi kwamba kila duka ni baya, wala kwamba kila wakfu umepata msimamizi mwema. Sote tumeona kinyume chake. Lakini tafauti hii yatosha kuwa mizani. Basi kabla ya kumtajia mtu tovuti, tujiulize maswali matatu. Nani anayeisimamia, na jina lake liko wazi? Inaishi kwa mali gani? Na inamtaka nini anayeingia: fedha yake, khabari zake za siri, au saa zake za usiku? Tovuti isiyojibu swali la kwanza tusiitaje. Na inayosema kuwa ni ya bure, swali la tatu ndilo la kuiuliza kwa makini.

Nne: za manufaa

Ya kwanza ni Kenya Law, tovuti ya baraza la taifa la kuchapisha hukumu na sheria. Humo mtu husoma Katiba ya mwaka 2010 bila ya kulipa, na kifungu cha 170 kinachoziweka Mahakama za Kadhi. Humo pia imo Sheria ya Urithi, ambayo kifungu chake cha 2 kimeeleza kwamba mirathi ya Mwislamu aliyekufa hufuata sheria ya Kiislamu. Mjane anayeambiwa na shemeji zake kwamba hana haki, hana haja ya kuyategemea maneno ya barazani. Mwanawe aweza kumfungulia ukurasa wenyewe na kumsomea, maana umeandikwa kwa Kiingereza, kisha waende kwa Kadhi wakiwa wanajua wanachokiuliza.

Ya pili ni Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Kazi yake ni kuhifadhi nakala za kurasa za intaneti kabla hazijapotea, na tangu mwaka 2001 kila mtu aweza kuingia na kuzitazama. Sehemu kubwa ya zile kurasa za GeoCities iliokolewa humo. Mwenye karatasi yake ya zamani na ajaribu huko kabla hajaitupa.

Ya tatu ni Project Gutenberg. Michael Hart aliianza mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois, kwa kuandika maandishi katika kompyuta ili kila mtu ayasome bure. Yeye alifariki mwaka 2011, na kazi ingali yaendelea. Hii ndiyo alama ya wakfu: mwenyewe ameondoka, na maji ya kisima hayakukauka.

Ya nne ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Hapa yapasa tahadhari, kwani kila mtu aweza kuandika na kugeuza. Basi na tuifanye mlango, tusiifanye kadhi: tutazame khabari imetoka wapi, kisha tuifuate huko. Na anayeona khabari za mji wake ni chache au zina kosa, asikae akalaumu, bali aandike. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kamusi ya Kiswahili iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994. Wasomaji wenyewe waliletewa maneno wayasahihishe na wayaongeze.

Tano: za kuburudisha

Wako watakaosema: manufaa tumeyaelewa, lakini burudani ya nini? Twajibu kwamba moyo huchoka kama mwili uchokavyo, na asiyepewa burudani njema hutafuta iliyo mbaya. Kijana tuliyemkataza kumi bila ya kumwonyesha moja, hatukumlinda.

Basi tumwonyeshe Astronomy Picture of the Day. Tangu tarehe 16 Juni 1995 tovuti hii huweka kila siku picha moja ya mbinguni, na maelezo mafupi yaliyoandikwa na wataalamu wa nyota. Maelezo ni ya Kiingereza, lakini picha yenyewe haihitaji mkalimani. Sisi ambao kila mwaka twashindana juu ya mwezi mwandamo, ingetufaa watoto wetu waujue mwezi na mwendo wake tangu wadogo.

Tumwonyeshe pia Earth Observatory, iliyoanzishwa na shirika la NASA mwaka 1999. Humo zimo picha za ardhi zilizopigwa kutoka juu kabisa, na miongoni mwazo picha za Ghuba yetu ya Winam ilipofunikwa na gugu maji. Mvuvi wa Dunga aliyeshindwa kuitoa mashua yake asubuhi alijua tu kwamba njia imezibwa. Mwanawe akiitazama picha hiyo aliona gugu limeanzia wapi na limeenea hata wapi. Hiyo ni burudani iliyogeuka kuwa elimu bila ya kuagizwa.

Mwisho

Huenda mtu akasema kwamba zama za orodha zimepita, kwani leo mashine za kutafutia hujibu kila swali. Lakini mashine humletea mtu kurasa elfu, wala haisimami mbele yake kumwambia: hii nimeisoma, na msimamizi wake namjua. Kazi hiyo imebaki ya ndugu kwa nduguye.

Basi katika darasa lijalo, kila mmoja wetu na alete jina la tovuti moja tu, pamoja na majibu yake ya yale maswali matatu. Atakayeshindwa kuyajibu asione haya; aliweke jina hilo mfukoni mpaka atakapoyapata. Na tuliyoyataja sisi hapa, tusiaminiwe kwa jina letu tu. Yapimwe kwa mizani hiyo hiyo, na yapimwe tena kila mwaka, kwani shahidi wa jana huenda leo hayajui tena yaliyo ndani ya nyumba aliyoishuhudilia.