Dondoo Muhimu: Uonevu na Kitabu cha Picha
Chukua kitabu *Sulwe* cha Lupita Nyong'o, kilichotoka mwaka 2019 na kupatikana pia kwa Kiswahili. Sulwe, msichana wa hadithi hiyo, ni mweusi kuliko wote kwao, na shuleni anabandikwa majina ya kuumiza.

Usikimbilie kusoma maneno. Mwache mtoto aangalie nyuso kwanza: nani ana huzuni? Nani anacheka? Nani anatazama tu? Kaa zaidi kwenye swali la huyo anayetazama, maana watoto wengi darasani wako upande wake. Kisha igizeni anachoweza kufanya: kusema “Acha, hapendi!” na kwenda kumwita mwalimu.

Usimlazimishe mtoto kusimulia yaliyompata mbele ya wenzake. Akikunong'oneza baadaye, msikilize hadi amalize, na ulifuatilie jambo hilo siku hiyohiyo.